Uzi: GT86 limeshushwa, rimu ni za 18. Nilivalishe tairi gani?

MwanaLanet:
Wadau, hamjambo. Niko Nakuru, upande wa Lanet. Gari ni Toyota GT86 la 2017, gia za mkono. Nimelishusha milimita 35 kwa springi fupi, shoki bado ni zake za kiwandani. Mwezi uliopita nilipata rimu za mtumba kutoka Japani: inchi 18, upana 8.5, ofseti (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake wa kufungia) +35, matundu 5x100 (matano, kwenye duara la milimita 100). Rimu zake za awali ni 17x7 ofseti +48, zikiwa na tairi za 215/45R17, yaani upana milimita 215, ukuta asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17.

Sasa kila mtu ana namba yake. Muuza tairi wa mjini ananiambia 225/40R18. Fundi wangu anasema 215/40R18. Jirani yangu anashikilia 225/35R18, eti gari likishuka tairi nalo lishuke. Wikendi hii nimeazima seti ya 225/40 kwa rafiki nikajaribu. Nikiwa peke yangu, kimya kabisa. Nikimbeba mke wangu na kuzunguka raundabauti ya kuingia mjini, tairi la mbele kushoto linalia krrrr ndani ya fenda. Kulia hakuna kitu. Huo upande mmoja ndio unaoninyima usingizi. Nipunguze tairi, nipandishe gari, au kuna kitu kimekwenda kombo?

KipimoKibos:
Salama. Mimi niko Kisumu, Kibos, kazi yangu ni rimu na tairi. Tuanze na hesabu, maneno baadaye.

Tairi yako ya awali, 215/45R17, ukuta wake, yaani kimo cha ubavu, ni milimita 96.75, na tairi lote likisimama lina 625.3. Hiyo ndiyo namba ya kulinda. 215/40R18 inasimama 629.2. 225/40R18 ni 637.2. 225/35R18 ni 614.7. Kwa hiyo ya fundi wako imepanda kidogo mno, haifiki asilimia moja. Ya muuzaji imepanda karibu asilimia 2. Ya jirani imeshuka karibu asilimia 2, na ukuta wake umebaki milimita 79 tu. Kwa barabara zetu hiyo 35 isahau.

Kuhusu kulia: ofseti imetoka 48 hadi 35, maana yake tairi limetoka nje milimita 13. Ndiyo maana linagusa.

BabaProbox:
Mimi nina Probox, 165/80R13, imebeba viazi kutoka Molo hadi Kondele miaka sita na haijawahi kulia krrrr. Lakini endeleeni, nasoma kwa makini.

NjoroBoxer:
@KipimoKibos hapo kwenye 13 umeteleza, kaka. Umehesabu ofseti ukasahau upana. Rimu ya inchi 7 ina milimita 177.8, nusu yake 88.9. Toa 48, ukingo wa nje unakaa milimita 40.9 kutoka kwenye uso wa habu, pale rimu inapofungwa. Rimu ya inchi 8.5 ina 215.9, nusu yake karibu 108. Toa 35, unapata 73. Tofauti ni milimita 32 kuelekea nje. Upande wa ndani, kwenye shoki, umeongeza 6 pekee.

Milimita 32 ni upana wa vidole viwili. Mtu aliyedhani ametoka 13 atanunua tairi kwa matumaini.

KipimoKibos:
@NjoroBoxer umenisahihisha vizuri, asante. Ni 32. Niliandika nikiwa kwa kaunta na mteja mbele yangu.

Basi niongeze moja ambayo wengi hawaijui. Tairi hupimwa upana wake kwenye rimu maalum. Ukilipandisha kwenye rimu pana zaidi kwa nusu inchi, tumbo lake linapanuka karibu milimita 5. Kwa hiyo 215 kwenye rimu ya 8.5 si nyembamba kama namba inavyodai. Na 8.5 ndiyo mwisho wa 215/40, zaidi ya hapo ukuta unalala kama mtu aliyevuta blanketi fupi. Kwa 225/40, rimu inayokubalika ni 7.5 hadi 9, kwa hiyo hapo 8.5 imekaa vizuri bila kuvutwa.

DadaWaMilimani:
Mimi si fundi, ila niseme yaliyonipata. Nina Legacy, nalo nilishusha, nikavaa 18 zenye ukuta mwembamba. Usiku mmoja natoka Kericho, kabla ya Awasi, trekta la miwa limeacha tope na vipande vya miwa barabarani. Nikakwepa, nikaingia shimo. Sikusikia kishindo kikubwa. Asubuhi nikakuta tairi lina uvimbe ubavuni, ukubwa wa yai la kuku, na ukingo wa rimu umejikunja kwa ndani ambapo huoni ukiwa umesimama. Upepo ulikuwa bado umo. Ningetoka na gari hilo na watoto ningekwenda hadi Busia bila kujua.

Tangu siku hiyo nikinunua tairi naangalia ukuta kwanza, sura baadaye. MwanaLanet, kati ya zote tatu chukua yenye nyama. Hiyo ni 225/40, milimita 90.

MwanaLanet:
Pole sana dada, na asante. Lakini hiyo yenye nyama ndiyo inayolia.

KisianKona:
Hakuna aliyegusa swali lake. Kwa nini kushoto tu?

Mimi nasema hivi. Kenya tunaendesha kushoto, raundabauti tunazunguka kufuata mshale wa saa. Ukizunguka unakata usukani kulia, uzito wote wa gari unahamia kushoto, na gurudumu la mbele kushoto ndilo linabeba. Springi inabonyea, tairi linapanda ndani ya fenda. Ongeza abiria, anakaa kushoto vilevile. Ndiyo hiyo. Hata raundabauti ya Kisumu Boys, magari yaliyoshushwa yote yanalia kushoto. Gari lako halina ugonjwa. Lina tairi kubwa kuliko nafasi iliyopo.

NjoroBoxer:
@KisianKona ni kweli, lakini haijamaliza. Ingekuwa hivyo pekee, akikata kona kali ya kushoto, kulia nako kungelia angalau kidogo. MwanaLanet, umejaribu kona ya kushoto kwa mwendo uleule, na abiria?

MwanaLanet:
Nimejaribu jana jioni njia ya Njoro. Kona ya kushoto, mke akiwemo, kulia kimya. Nikahisi labda sikukaza mwendo, nikarudia. Kimya.

MzeeWaUpepo:
Vijana, kabla hamjafungua gari la watu, mmepima upepo? Nimejaza upepo miaka mingi kituoni. Tairi la kuazimwa huja na upepo wa kuazimwa.

MwanaLanet:
Mzee, shikamoo. Nimetoka kupima sasa hivi. Kulia psi 33. Kushoto 28! Nimejaza zote 34. Nitazunguka nikuletee jibu.

MzeeWaUpepo:
Marahaba mwanangu. Na uangalie pia kama kushoto kutarudi chini kesho, huenda kuna msumari.

Nyongeza kwa wanaosafiri: Nakuru iko juu, karibu mita 1850. Kisumu ni kama 1130. Ukijaza Nakuru ukateremka Kisumu, kipimo kitasoma pungufu kama psi moja kwa sababu hewa ya nje kule chini ni nzito zaidi. Lakini Kisumu kuna joto, na kila nyuzi tano au sita za joto zinaongeza karibu psi moja. Kwa hiyo mchana zinaelekea kulipana. Jaza asubuhi tairi likiwa baridi, na ufuate kibandiko cha mlangoni kwa dereva.

BabaProbox:
Sikuwahi kujua kwamba Kisumu inapunguza upepo. Leo nimefaidi.

TurboKakamega:
Mulembe wote. Nyinyi nyote mnapigania upana na mimi nasema mnaliharibu gari. GT86 lilitoka kiwandani na Michelin Primacy HP za 215, tairi ya kawaida kabisa, aina ileile iliyowahi kuvalishwa Prius. Hawakukosa pesa. Walitaka gari liteleze kidogo kwa mwendo mdogo ili dereva alihisi. Ukilivika tairi pana lenye kushika sana, unapata gari zito la usukani, la farasi kama 200 tu, ambalo halikuchekeshi tena. Rudisha 17, vaa 215/45 nzuri, uishi. Gari hilo lilipimwa kwa upendo hadi silinda, kipenyo 86 na mwendo wa pistoni 86.

KisianKona:
@TurboKakamega silinda zimeingiaje kwenye tairi? Lakini kuhusu 17 sikupingi.

KipimoKibos:
Mtu wa 17 anayetaka upana kidogo, 225/45R17 inasimama 634.3, ukuta 101. Kwenye 17x8 ofseti +40 ingetoka nje milimita 21 badala ya 32. Lakini kijana ameshanunua rimu. Tumsaidie na alichonacho.

MwanaLanet:
Nimerudi. Upepo ukiwa 34 pande zote, mlio umepungua sana lakini haukuisha. Kwenye raundabauti ile ile, nikiwa na abiria, krr fupi moja. Zamani ilikuwa ndefu. Nampa mzee alama zake.

NjoroBoxer:
Sasa pima badala ya kusikiliza. Kanda unga wa ngano mgumu kama wa chapati, paka mafuta kidogo usishike tairi. Bandika donge ndani ya fenda, pale juu nyuma kidogo, unene wa kidole. Fanya pande zote mbili. Zunguka raundabauti kisha urudi pole pole, halafu pima donge limebanwa hadi unene gani. Udongo wa mfinyanzi unafaa pia ukiupata.

Halafu sahau tairi kabisa, pima kutoka katikati ya kifuniko cha rimu hadi ukingo wa fenda kwa juu. Hapo unene wa tairi na upepo haviingii. Kama pande mbili zinatofautiana, tatizo liko kwenye gari.

DadaWaMilimani:
Huo unga wa chapati nitautumia kwenye Legacy yangu Jumamosi. Kazi nzuri.

RalliNaivasha:
Niingilie kidogo kwa wanaobishana 17 na 18. Mimi hufuata Safari Rally tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, kila mwaka niko Naivasha, ndani ya kaunti yetu hii ya Nakuru. Gari lile lile la ralli likikimbia kwenye vumbi linavaa 205/65R15. Likienda kwenye lami linavaa 235/40R18. Fanya hesabu: la vumbi linasimama 647.5, la lami 645.2. Milimita mbili tu! Rimu imekua inchi tatu, ukuta umeliwa kutoka 133 hadi 94, na kimo kimebaki palepale. Wenzetu wanaolipwa kwa sekunde hawachezi na kimo. Wanabadilisha ukuta kulingana na barabara.

Sasa jiulize barabara yako ya kila siku inafanana na ipi. Ukitoka Maseno kwenda Luanda, matuta yale na kingo za lami zilizomegeka, mimi naona hiyo ni nusu ralli.

TurboKakamega:
Hapo nakubali kwa mikono miwili. Tena matuta ya Luanda na gari la milimita 35 chini! 225/40 inalinyanyua tumbo la gari milimita 6 kuliko ya kiwandani. Ile 225/35 ya jirani inalishusha tena 5. Kati ya hizo mbili kuna milimita 11 za ekzosi.

SpesaYaShabab:
Swali la kando, samahanini. Mimi pia nina 86, nikanunua nati mpya za rimu dukani, za "Toyota". Zinaingia nyuzi mbili zinakwama. Duka linasema ni stadi zangu, zile boliti za kwenye habu, zimekufa.

KipimoKibos:
@SpesaYaShabab ACHA kulazimisha, tafadhali! Gari hilo limeundwa na Subaru kule Ota, Japani. Nati zake ni M12x1.25 (kipenyo milimita 12, nafasi ya nyuzi 1.25) kama za Subaru. Toyota nyingi, pamoja na Probox ya baba yetu, ni M12x1.5. Ukikaza kwa nguvu za spana ndefu utaua stadi na utalipia habu. Tafuta za Subaru.

Na mwingine: habu yake ni milimita 56.1. Rimu nyingi za mitumba zina tundu kubwa zaidi, mfano 73.1. Bila pete ya katikati gari litatetema ukifika mwendo wa 90 au 100, utabadilisha balansi mara tatu bila kupona.

SpesaYaShabab:
Mungu akubariki. Nilikuwa nimeshika spana ya bomba.

MwanaLanet:
Wadau, nimepima. Unga: kushoto donge limebaki milimita 3, kulia milimita 9. Alama ya kushoto iko nyuma juu, karibu na boliti ya plastiki ya ndani ya fenda. Kituo cha rimu hadi fenda: kushoto 331, kulia 336. Nimepima mara tatu kwa futi ya chuma, mke akishika tochi.

NjoroBoxer:
Milimita 5 bila tairi. Basi @KisianKona, raundabauti pekee haitoshi. Mimi nafikiri springi ya kushoto haijakaa kwenye kikombe chake. Fundi akifunga shoki kwa haraka, ncha ya springi inakaa nje ya kidato chake, upande huo unakuwa na kimo tofauti. Fungua uone.

KisianKona:
Ncha ya springi ikitoka kidatoni mara nyingi gari linapanda upande huo. Haliendi chini. Na umepimia wapi? Sakafu ikilala kidogo upande mmoja, uzito wa gari unahama nayo, unapata tofauti hiyo bure. Geuza gari lielekee kule kwingine, pima tena palepale.

MwanaLanet:
Nimegeuza. Kushoto 332, kulia 336. Sakafu imechukua moja tu.

FundiWaBodi:
Niko Industrial Area, Nakuru, nanyoosha bodi. Mmepita juu ya jambo. Gari la mtumba la Japani, 2017, lina historia. Fenda ya mbele imefungwa kwa boliti, ikibadilishwa inaweza kukaa chini au ndani milimita kadhaa na usione kwa macho. Unayopima ni fenda, bado hujapima springi. MwanaLanet, fungua boneti, angalia vichwa vya boliti za fenda ya kushoto. Rangi imechubuka kwenye kona za boliti? Kama ndiyo, spana imepita hapo.

MwanaLanet:
@FundiWaBodi nimeangalia kwa tochi. Boliti mbili za kushoto zimechubuka rangi. Za kulia ni safi. Mwili umenisisimka.

FundiWaBodi:
Usiogope, inaweza kuwa fenda imebadilishwa kwa mkwaruzo wa kawaida tu. Lakini linganisha umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto na kulia. Kama ni sawa, chesisi na fremu ya chini zimekaa. Kisha tutalegeza fenda na kuisogeza.

NjoroBoxer:
Boliti zilizochubuka hazikatai springi iliyokaa vibaya. Vyote vinaweza kuwepo. Mimi bado nataka springi ya kushoto ihamie kulia na ya kulia ihamie kushoto. Mlio ukihama nayo, tumeshika mwizi.

KisianKona:
Na mimi bado nasema mkipata 225 kwenye 8.5 ofseti +35 na milimita 35 chini, hata gari jipya lililotoka kwenye sanduku leo lingelia kushoto. Mtatengeneza bodi, mtahamisha springi, na raundabauti itabaki inazunguka kulia.

MzeeWaUpepo:
Upepo wa kushoto asubuhi hii unasoma ngapi?

MwanaLanet:
31, mzee. Jana nilijaza 34.

MzeeWaUpepo:
Tafuta msumari.

DadaWaMilimani:
Na ukilivua hilo tairi la kuazima, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya kiwandani ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Langu lililovimba lilikuwa 1113, wiki ya 11 ya 2013. Niliuziwa kama karibu jipya, na meno yalikuwa yamejaa kweli.

MwanaLanet:
Limeandikwa 3815. Narudisha seti hii kwa mwenyewe na kumwambia, hata yeye asiitumie.

Mpango wangu: umbali wa kitovu hadi kitovu nitapima kesho kwa @FundiWaBodi. Jumamosi nateremka Kisumu kwa shughuli, nitapitia Kibos. Tairi mpya sinunui kabla ya hapo. Nikilazimika kuchagua leo, moyo uko kwa 215/40, kwa sababu ya ile 629 iliyo karibu na 625, ingawa dada amenitia hofu ya ukuta.

DadaWaMilimani:
Milimita 86 kwa 90 sitakugombeza. 79 ningekupigia simu.

KipimoKibos:
Karibu Kibos. Njoo umevaa rimu zako za zamani za 17 na tairi zake, na zile za 18 ziweke kwenye buti ukiweza, au zitangulie kwa gari la mizigo. Nina 215/40 na 225/40 za maonyesho, tutapandisha zote mbili kwenye rimu moja na kupima tumbo kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Halafu tunatoa springi ya kushoto, tunapandisha gurudumu kwa jeki hadi juu kabisa, tunaona linagusa wapi. @NjoroBoxer ukiweza kuja na ile kalipa yako ndefu, njoo.

NjoroBoxer:
Nitakuja. Na unga nitakanda mwenyewe.

BabaProbox:
Jumamosi niko Kondele kushusha viazi. Hizo rimu nne zitaingia kwenye Probox bila shida, nitapita Lanet saa kumi na moja alfajiri. Na mkihitaji abiria wa kukaa kushoto, mimi nina kilo 96.